Mkono Mmoja

Nilikuwa karani wa mizani Kibaigwa,
soko la mahindi. Miaka kumi na tisa
nilisoma mshale, sikusoma nyuso.
Namjua anayenyunyizia gunia maji lizidi uzito,
namjua na yule aliyekuja na debe pungufu
akaomba radhi kabla sijalipandisha.
Kwa hiyo waliponikabidhi hazina ya kanisa hapa Ihumwa
sikuogopa. Kuhesabu ni kuhesabu.

Siku zile kapu lilipita benchi kwa benchi,
kapu la ukindu, mkono wake umezongwa kipande cha kanga,
na ngumi iliyoingia ilitoka ngumi vilevile,
ya mwenye noti na ya mwenye vumbi.
Kapu halikumuuliza mtu jina.

Kisha mnada, nje, jua la saa saba likichoma visogo:
uwele wa mama Lechipya, maboga mawili, karanga za ganda,
na jogoo mwekundu wa bibi Damari
aliyenunuliwa na mwalimu, akarudishwa,
akanunuliwa na kwaya, akarudishwa,
akauzwa mara tatu Jumapili moja
na jioni akalala kwa bibi Damari.
Mchungaji alisema huo nao ni ufufuo. Tulicheka.

Siku hizi ukutani, chini ya msalaba,
pana bango la namba ya kulipia.
Chagua nne, chagua mbili, weka kiasi, weka namba ya siri.
Siri iliyobaki ni hiyo tu.
Simu ya kanisa nakaa nayo mimi. Hutetemeka mezani
kama panzi ndani ya kibuyu,
na kila ikitetemeka hunitajia
jina lake, la baba, la ukoo,
saa, dakika, shilingi.
Mkono wa kushoto sasa unajua yote.

Vijana wa kamati, na ni vijana wazuri, sisemi,
wamenunua skrini. Ibada inatazamwa, wanasema,
mpaka Mwanza, mpaka Omani kwa dada zetu wa kazi za ndani,
basi majina ya watoaji yapite pale juu wakati wa sifa,
kumi bora, kama ligi.
Yeremia Mbijima wa mitambo ameshapanga rangi:
dhahabu, fedha, shaba.

Usiku wa Ijumaa, saa nane na dakika arobaini na saba,
treni ya umeme imeshapita, mbwa wamenyamaza,
panzi akaruka.
Elfu sitini. Na jina:
Peresi Ndahani Chitema.

Peresi tuliyemtenga.
Nilikuwepo. Muhtasari niliuandika mimi.
Anauza mvinyo Mtumba, baa ya taa za buluu
wanakokaa watu wa wizara wakilegeza tai.
Tulimwambia: acha kazi hiyo au acha meza ya Bwana.
Akauliza, kwa sauti ya chini, nami sikuandika,
"Na divai ya kikombe chenu inatoka shamba lipi?"
Hombolo. Mizabibu ileile.
Kaka yake ndiye anayeipogoa.

Saa nane usiku: ndiyo amefunga mahesabu,
amevua viatu, amehesabu bahashishi zake,
na bango letu haliko ukutani kwake.
Namba yetu ameikariri.

Jumamosi Yeremia akaja na kishikwambi.
"Mzee, orodha."
Elfu sitini ilikuwa ya tatu. Shaba.
Mahali pa jina niliandika: mkono mmoja.
"Mkono mmoja ndiyo nani?"
Andika hivyohivyo, nikamwambia.

Jumapili yakapita, dhahabu, fedha,
mkono mmoja. Watu wakapiga makofi
huku wakitafutana kwa macho.
Mimi nilitazama viatu vyangu.
Sijui nilimficha yeye
au nilituficha sisi.

Nje, bibi Damari akanishika koti.
"Wangu huyu angekuwa wa ngapi pale juu?"
Nikasema sijui, bibi.
Akaenda zake,
jogoo kwapani.