Lililala Limetazama Wapi

Saa kumi na moja na robo, Ngaramtoni.
Julai. Umande umelowesha kioo chote,
na Meru haupo:
pana weupe tu pale ulipokuwa jana jioni.
Kiwelu anazungusha ufunguo.
Selfu inalia, inalia,
Kanta linakohoa mara mbili, linashika,
kisha linatetemeka: usukani, mlango,
magunia ya karoti, meno ya dereva.
Bomba linamwaga moshi mweupe
unaochoma macho na kunuka dizeli mbichi.

"Sikia linavyomisi," ananiambia.
"Likipata moto, utadhani siyo lenyewe."

Nasikia. Nimeziba sikio moja kwa kidole chenye grisi.
Tatu zinafanya kazi, ya nne inasinzia,
inashtuka, inasinzia tena.
Dakika kumi hivi.
Chuma kinapata joto,
na mngurumo unanyooka kama mshono wa cherehani.

Siku ya kwanza nilishuku plagi za joto.
Nilizifungua zote, nikaziunga na betri moja moja;
ziliiva nyekundu kama makaa.
Nzima zote nne.
Bi Aikande alikuwa ameshanunua mpya Kilombero,
hazirudishwi. Hakupenda kusikia.

Siku ya pili, nozeli.
Unalegeza nati ya bomba, unasikiliza;
usipobadilika mlio, mgonjwa wako ndiye huyo.
Mgonjwa alikuwa wa tatu.
Kesho yake alikuwa wa kwanza.
Nikakaa juu ya tairi, nikatafuna mua,
maana ugonjwa unaohamahama
hauna kitanda kwenye nozeli.

Ndipo Lesikar, mlinzi, shuka hadi masikioni,
kikombe cha chai mkononi, akasema bila kuulizwa:
"Gari hili likilala limetazama mlima, huamka vibaya.
Likilala limetazama mjini, huwaka tu."
Kiwelu akacheka hadi akaegemea boneti.
"Sasa gari nalo linaogopa mlima?"
"Mimi sijui linaogopa nini. Mimi nalinda."

Nilicheka na mimi. Naungama hilo.

Usiku, mume wangu amelala, bati linatona,
nikaiona ile barabara: mteremko!
Pua juu, injini juu, tangi chini.
Mafuta yanarudi nyuma usiku kucha,
taratibu, kama mtu anayeondoka msibani bila kuaga.
Na hayawezi kuondoka
kama hakuna kinachoingia kushika nafasi yao.
Nikaketi kitandani.
Hewa.

Alfajiri nilifunga kipande cha mpira mweupe,
ule unaoonyesha ndani, kama wa dripu.
Kiwelu akapiga selfu.
Vipovu vikapita, kimoja, viwili, kundi zima,
vimeharakishwa kama wanafunzi waliochelewa.
Nikaingia uvunguni, mgongo kwenye tope,
nikaufuata mpira kwa vidole kutoka tangini,
na chini ya kilipu, pale usipofika mwanga,
ukucha wangu ukakwama:
ufa, mwembamba kama unywele.
Mpira ukipata joto unaufumba.
Ukipigwa na baridi ya Meru, unafumbuka.

Nilikata. Nikaweka mpya, kilipu mbili,
nikasukuma pampu ya mkono
hadi kidole gumba kikakataa.

Jioni ile nilimwambia Kiwelu aligeuze,
alilaze limetazama mlima. Akaniangalia. Akaligeuza.

Asubuhi: ufunguo, selfu, mara moja.
Ukatoka uzi mmoja wa moshi, ukapotea kwenye ukungu.
Karoti zilitulia.
Bi Aikande akauliza, "Na plagi zangu?"

Lesikar aliomba kile kipande kibovu.
Alikipasua kwa sime, akafungia nacho geti
lililokuwa likigonga usiku,
akavuta fundo kwa meno,
wala hakuuliza kama alikuwa na haki.