Nyuma ya Bili ya Gesi

High Wycombe, Februari, mvua nyembamba kama uzi wa cherehani.
Bi Ianthe amevaa sweta mbili jikoni,
miwani imemshuka hadi ncha ya pua.
Anaandika nyuma ya bahasha ya bili ya gesi,
na mimi, mkaza mwanawe kutoka Tanga,
nasoma kwa sauti ajue nimeelewa.

*Kingstown*, ameandika, akapiga mstari mara mbili.

*Kwanza salamu. Ukiingia dukani, benki, popote,
waamkie wote kabla hujatafuta pa kusimama.
Usimuulize mtu bei ya ndizi
na hujamuuliza ameamkaje.*
Nikacheka. Mama, hili wanifundisha mimi?
Kwetu anayepita kimya huulizwa tumemkosea nini.
Akainua kalamu: "Wewe nakujua. Huyu ndiye simwamini,"
akamwonyesha mwanawe kwa kidevu,
Orville, mzaliwa wa hospitali ya hapo chini,
anayesalimia kwa nyusi.

*Noti ndogondogo. Dola ziko mbili,
uliza ni ipi kabla hujaketi kwenye teksi.
Zile suruali za mabaka ya jeshi ziache kabatini,
sheria haitaki kuziona, hata kwa mtoto.
Kaptura ya kuogelea ikome ufukweni;
mjini watu wamevaa.
Saa kumi na mbili jioni jua limekwenda,
halina ubishi kama la hapa mwezi wa Juni.
Mkiona mti ufukweni, matunda kama tufaha changa,
msiyale, msiyaguse,
hata mvua ikinyesha msijikinge chini yake.*

"Hata mvua?" Orville akauliza.
"Maji yake yanachoma. Loweni."

*Jumamosi sokoni, mapema.
Mwambieni awachagulie lile tunda la kuchoma,
kubwa, la kijani, ganda la vipele,
mlichome mpaka liwe jeusi kama tairi.*
Shelisheli, nikamwambia. Kwetu linaitwa shelisheli.
Akalirudia mara tatu, taratibu,
kama anayeonja chumvi ya mchuzi.
Kisha akalifuta neno lake
na kuniomba nimtajie herufi.

Bahasha ikaanza kujaa. Akaigeuza,
akaandika kuzunguka kidirisha cha anwani:
*Kutoka bandarini piteni chini ya matao, yahesabuni matatu.
Kona ina duka la mikate la Bibi Cordice.
Harufu itawaambia. Kateni kushoto.
Nyumba ya Verna ni ya nne, ngazi zake mbovu.*

Jana usiku, Orville amelala,
niliutazama mji ule kwa simu, kutoka juu.
Matao yapo. Nilihesabu matatu.
Pale konani pana lami, na magari sita yameegeshwa,
moja mlango wazi.

"Ulikwenda lini mara ya mwisho, Mama?"
"Mwaka aliong'oka huyu meno ya mbele.
Nauli ilitosha mtu mmoja, nikamwacha kwa jirani.
Nikamzika mama Alhamisi,
Jumatatu niko kiwandani
napiga msasa miguu ya viti."
Akapuliza bahasha wino ukauke,
ingawa kalamu ile haichafui.

Nyuma yetu Orville amefungua friji,
anatafuta maziwa, na kwa sauti ya chini,
akidhani hatumsikii, anajizoeza:
habari za asubuhi. Habari za asubuhi, mabibi na mabwana.
Mama yake akajifanya anapanga vijiko.

"Haya, soma njia ya kwenda kwa Verna."
Nikasoma. Bandari. Matao, matatu.
Nilipofika konani nilinyamaza kidogo,
si sana, kadiri ya mtu anayemeza mate.
Kateni kushoto, nikasema, penye harufu ya mkate.
Alikuwa amefumba macho.

"Na mniletee miwili, ya nazi.
Ikipondeka njiani si kitu."

Nikaandika mwenyewe, pembeni, mahali palipobaki:
*mikate miwili, ya nazi.*