Ufa wa Ukuta wa Kaskazini

Halmashauri ilinipa utepe wa mita thelathini,
kalamu mbili, na fomu yenye visanduku:
Kuta. Paa. Sakafu. Umri. Mmiliki.
Cha Umri nilikiruka nikiwa bado barabarani.

Bi Jasumati alikuja na ufunguo ndani ya kopo la maziwa ya unga.
Akauzungusha mara tatu. Mara ya nne akalipiga kufuli konde,
likatii.
"Vua viatu," akasema. "Hata serikali huvua hapa."
Nikavua. Soksi yangu ya kushoto ilikuwa na tundu.

Sakafu ilikuwa baridi kama ubavu wa mtungi.
Popo wakahama kona hadi kona, bila kelele,
kama wapangaji waliozoea kufukuzwa.
Nje, mtu wa vocha alikuwa anaita Lindi nzima kwa kipaza sauti;
ndani, sauti yake ilifika imechoka.

Miungu haimo. Waliiviringishia shuka, alisema, kama wagonjwa,
ikasafiri kwenda Dar es Salaam juu ya magunia ya korosho.
Kimebaki kitako cha jiwe
na duara jeusi la mafuta ya ufuta, taa juu ya taa,
miaka iliyoganda ukiigusa kwa ukucha.
Kulabu ya kengele ipo. Kengele haipo.
Bi Jasumati alipopita chini yake mkono ulinyanyuka wenyewe,
ukagusa hewa, ukarudi kwenye ufunguo.
Nilijifanya nasoma utepe.

Kwenye marumaru kuna majina, kwa herufi nisizozijua.
Alinisomea kwa kidole, akiruka yaliyolika:
Vithaldas, rupia arobaini.
Harjivan na nduguze, rupia mia na mbao.
Mjane mmoja, jina halikuandikwa, rupia tisa.
"Na fundi?"
"Fundi hakutoa rupia."

Ukuta wa kaskazini: sentimita sitini na moja.
Hapo utepe ukanasa kwenye ufa.
Niliinama kuunasua. Lipu ilikuwa imebanduka,
chini yake chokaa ya matumbawe,
na ndani ya chokaa, vidole.
Vinne. Vimeburutwa kwenda chini, upesi,
kama vya mtu aliyeitwa kula.

Nikaweka vyangu.
Havikuenea.
Vilikuwa vya mtoto, au vya mwanamke.

Bibi yangu Somoe, aliyelala Mtanda,
hakuwahi kulitaja hekalu hili hata siku moja.
Alichotaja ni viganja vya mama yake:
vilibabuka kabla hajaolewa,
vikawa vinainua chungu jikoni bila kitambaa.
Tukiuliza vilibabuliwa na nini, alisema:
na kazi za watu.

Sisemi ni yeye. Lindi ilikuwa na mikono mingi,
na chokaa mbichi haichagui.
Ila nilisimama pale, vidole juu ya vidole,
nikajiona niko katikati ya ngazi:
aliye chini ananinyooshea karai, zito, linavuja,
nami nimelipokea,
na wa juu yangu bado hajageuka.

Bi Jasumati akakohoa. Jua lilikuwa limefika kwenye kitako.
"Babu yangu alikuwa akinituma maji," akasema,
"niwapelekee waliokuwa wanakarabati. Walikunywa wakiwa wamesimama."
Kisha akanyamaza, nami sikumdai zaidi.

Jioni, mezani, nilijaza visanduku.
Paa: linavuja sehemu tatu.
Sakafu: nzuri.
Mmiliki: nikaandika, nikakata, nikaandika tena.
Kuta: imara, isipokuwa ufa mmoja upande wa kaskazini.
Usizibwe.

Mhandisi atauliza kwa nini. Atakuwa na haki.
Sina sentensi ya kumpa.
Nilipovua soksi, kwenye lile tundu kulikuwa na unga mweupe,
kidogo tu, kama chumvi ya kuonja.
Niliupangusa kwa mazoea.
Kisha nikainama chini ya kitanda, na tochi ya simu,
nikitafuta ulikoangukia.