Gari ya Nne

Gari tano za barafu zimepangwa yadini, Wete,
pua ukutani kama watoto waliotiwa adabu.
Miaka kumi na mmoja zimebeba mawe ya maji,
Tumbe, Konde, alfajiri kwa alfajiri,
na mawe yakiyeyuka yakazitafuna kwa chini:
bonyeza sakafu, kidole kinatokea upande wa pili.

Mimi karani wa stoo, Mize Kombo.
Sahihi yangu ndiyo inayoziua.

Zamani hatukuwa tukiziua, tukizitupa.
Ile ya mwanzo, ya buluu, ilisukumwa mikokoni usiku,
asubuhi daftari likasema imeuzwa.
Mpaka leo chaza wa pale wana ladha ya dizeli,
na Bi Time, anayewaokota, huchanwa nyayo na vioo
asivyojua vya nani.
Mimi navijua.
Nilikuwa msichana wa kufagia ofisi. Nilishika tochi.

Basi safari hii nimemwambia Faki fundi: kwanza kamua.
Oili ndani ya pipa, si mchangani,
lita ishirini na tatu, nimesimama nikihesabu.
Betri juu ya ubao, kila moja na nambari yake ya chaki,
zinangoja meli ya Jumatano.
Jina la kampuni tumelikwangua milangoni;
jua likipiga ubavuni, herufi zinarudi.

Akaja mtu wa Micheweni na bahasha ya kaki.
Anaitaka ya nne. Injini, anasema, bado inakohoa vizuri.
Kweli inakohoa. Breki ndizo zilizokufa.
"Ya kubebea nini?"
"Watoto wa chuoni, Bi Mize. Ni hapo karibu tu."

Karibu tu.
Hapo karibu pana mteremko, na chini ya mteremko pana kisima,
na kisimani, saa ya kutoka chuoni, pana foleni ya ndoo.

Bahasha ilikuwa nene. Sikuifungua, lakini niliipima kwa macho:
ada ya mwanangu, na bati za jikoni.
Nikaandika IKATWE, kwa wino mwekundu,
mkono ukitetemeka kidogo.
Akanambia nina roho ya kwa nini.
Pengine.

Faki akawasha gesi. Ya nne ikafunguka kama papai.
Tukaipima kwa mizani ile ile ya barafu:
kilo mia sita na arubaini, pamoja na kutu.

Kiti cha mbele alikiomba Ngwali, mlinzi.
Nikamwandikia stakabadhi: kiti kimoja, bure, hakina gari.
Jana magharibi nimempita mlangoni kwake,
kakikalia, kikombe mkononi,
na mkanda kaufunga.