Mtungi wa Visu

Nimetumwa kuandika. Kazi yangu daftari.
Fungu la kwanza: buli la fedha, umbo la mtungi,
masikio mawili, kiuno chembamba,
koja la maua limening'inia bega hadi bega.
Limebonyea kidogo ubavuni.
Fungu la pili: sahani za sini, kumi na moja
(ya kumi na mbili, asema Hester, mama aliirusha ukutani,
na ukuta bado una alama),
kila moja na mtungi wake katikati, wa samawati,
usio na maji, usio na mvinyo, usio na wa kuubeba.

Mvua ya Novemba inagonga madirisha ya Ludlow.
Ukumbini kuna ndoo. Tone, kimya, tone.
Hester Pargeter, miaka themanini na mmoja,
amevaa koti ndani ya nyumba yake mwenyewe,
kwani fedha yote iliyomo humu
si fedha ya kununulia kuni.

Mitungi kila mahali:
mgongoni mwa viti, juu ya fremu za milango,
hata kishikio cha mtoto wa meza ni kijitungi cha shaba,
unakivuta kila siku bila kujua umeshika nini.
Mwaka wangu wa kwanza nilimuuliza dalali, Bwana Cobbold,
watu hawa walipendea nini mitungi.
Fasheni, akasema. Walifukua makaburi ya Warumi,
wakakuta majivu ndani ya vyombo vizuri,
wakarudi kwao, wakavitilia sukari.

Fungu la ishirini na tatu.
Mtungi wa mkangazi, kimo cha mtoto anayejifunza kusimama.
Kifuniko chake hakibanduki;
hupanda juu ya mhimili, tak, tak,
kama mtu mzito anayeinuka kuamkia wageni.
Ndani ni matundu, duara ndani ya duara, arobaini na manane.
Humu vilisimama visu vya karamu,
makali chini, vipini vya fedha juu.

Hakuna kisu.
Kila tundu lina karatasi iliyosokotwa kama sigara.

"Hayo ni ya baba," Hester akasema, akakaa.

Nikavuta moja. Wino umegeuka rangi ya chai.
*Kisu kimoja, kwa sonara wa Hereford: ada ya Hester.*
Nikavuta nyingine.
*Kisu kimoja: makaa ya mawe.*
*Kisu kimoja: daktari.*
*Kisu kimoja: daktari.*
*Kisu kimoja: daktari.*
*Kisu kimoja: viatu vya Hester, vile vyekundu.*
*Kisu kimoja: jeneza.*

Ambrose Pargeter hakuuza kwa pupa.
Alitoa kimoja, akakifunga kwenye leso,
akapanda basi la asubuhi kama anayekwenda kunyoa.
Jioni alirudi na karatasi, akaipanda palepale.
Wageni wakija, ufunguo ulikuwa umepotea,
na nyama ilikatwa kwa visu vya jikoni.

Mali bila daftari, walisema wahenga, hupotea bila habari.
Hii ilipotea na habari zake zote.

Namjua Bwana Cobbold. Atasema:
kung'uta takataka hizo, paka nta,
na bila visu bei ni nusu.
Nikaandika: *Mtungi wa visu, mkangazi.*
Mkono ukasita penye hali ya kifaa.
Nikaandika: *Umejaa.*

"Haujajaa," akasema Hester. Macho yake bado makali.
Kweli, tundu moja, ukingoni kabisa, lilikuwa wazi.
"Kisu chake kiko jikoni. Namenyea viazi."

Ukumbini: tone. Kimya. Tone.

Aliniomba kipande cha karatasi.
Nikachana pembe ya daftari, jambo ninalokatazwa.
Akaandika akiwa ameinama, herufi kubwa za shule
iliyolipiwa kwa kisu,
akasokota, akashindilia kwa kidole gumba,
akateremsha kifuniko mwenyewe. Tak, tak.

Sikuwa nimeombwa kusoma. Nilisoma.
*Mtungi mmoja: paa.*