Nyuzi Arobaini na Tano

Niligeuka kulia kuitafuta saa,
dari ikaondoka.
Kabati likafuata, na pazia, na picha ya harusi,
na Kibo dirishani, ambacho tangu tuhamie Pasua
sijakiona kikitikisika,
kikapita mbele yangu kama mtu aliyechelewa ibada.
Nikashika godoro. Nikahesabu. Kumi na saba,
kisha vyote vikarudi mahali pake
vikanitazama kama havijafanya kitu.

Shemeji akasema presha.
Mama Elinaja akasema malaria ya kichwani,
akaleta majani machungu kwenye chupa ya soda.
Mwanangu, kwa simu: "Unakula lakini?"
Mimi nilikuwa naogopa neno moja,
lile lililomlaza baba upande mmoja miaka sita.

Zahanati, nyuma ya stendi. Daktari akainua uso:
Ndeshukurwa Mmari, darasa la saba B,
niliyemchapa fimbo mbili
kwa kushika kipimapembe juu chini.

"Mwalimu, unazunguka wewe, au nyumba?"
Nyumba.
"Ukigeuka, au hata ukitulia?"
Nikigeuka.
"Kwa muda gani?"
Kumi na saba.
"Bado unahesabu," akacheka,
akaniambia nitabasamu, aone kama mdomo unapinda.

Akanilaza ghafla, kichwa kikining'inia nje ya kitanda.
"Usifumbe macho."
Dari ikaondoka tena. Akazisoma mboni zangu
zikirukaruka, kama mtu anayesoma ubao.

"Ni sikio. Mle ndani kuna chembe za chokaa,
zimetoka kwao, zimeingia mfereji wa wenyewe.
Ukigeuka zinavuta maji,
na sikio linaudanganya ubongo."

Chokaa! Miaka thelathini na minne ya chaki.
Nikauliza kama ni vumbi langu.
"Hapana, Mwalimu. Hii hukuipata darasani."

Hakuna sindano. Hakuna kidonge.
Alikishika kichwa changu kwa mikono miwili
akakipeleka kushoto, akangoja,
kisha bega, kisha mwili, pua ikaitazama sakafu,
akangoja, akaniketisha.
"Arobaini na tano," alikuwa akijisemea, "sasa tisini."
Hakukosea hata moja.
Sikusema lolote kuhusu zile fimbo.

Zinaweza kurudi, alisema.
Usiku mkono unapapasa saa, nami nageuka
taratibu, kama anayefungua mlango mtoto amelala.
Dari ipo.
Kibo, nadhani, kipo. Kuna wingu.