Kopo la Maswali

Ijumaa, kipindi cha mwisho, stadi za maisha.
Ratiba inasema: usafi wa mwili, ukurasa wa arobaini na moja.
Mimi nasema: fungeni vitabu.
Nimepakata kopo la Kimbo lenye tundu kifunikoni,
lile lile linalomeza sarafu za sadaka
kabla mishumaa haijawashwa.
Wiki hii limemeza karatasi. Nalitikisa. Halina mlio.

Darasa la tano, watoto kumi na tisa,
kofia ya Elkana imefumwa kwa nyuzi
za sweta iliyostaafu.
Dirishani, Menengai imejivuta wingu hadi kidevuni.
Nasoma bila majina. Ndivyo tulivyopatana.

*Meno ya kahawia yatakuwa meupe nikiwa mkubwa?*
Kicheko, na mikono inapanda kuziba midomo.
Wangu pia umepanda. Nauteremsha.
Nimezaliwa Nakuru hii, nimenywa kisima hiki.
Tazameni: chai ya rangi, safu mbili.
Si uchafu, ni madini ya ardhi.
Pigeni mswaki asubuhi na jioni,
lakini msiyaombee msamaha.

*Kama tunanawa kwa kikombe cha baraka, sabuni ya nini?*
Naujua mwandiko wa Shifra Nyakio; najifanya siujui.
Kikombe kinaandaa moyo, nawaambia,
sabuni inafukuza kipindupindu.
Usikitume kimoja kazi ya kingine.

*Watoto wa ploti wanasema Wayahudi wako kwenye Biblia tu.*
Waambie umetoka kwenye Biblia kununua sukuma wiki
na unarudi sasa hivi, mama anangoja.
Wanacheka tena, safari hii kwa meno yote.

Kisha hii, kwa penseli, herufi zimelala:
*Ulitufundisha tusiseme mabaya ya watu.*
*Na kama mtu ni wa nyumbani?*

Nina methali ulimini, ile ya mficha maradhi.
Naimeza. Mtoto hakuuliza methali.
Nasema polepole, nikitazama ubao nisitazame uso:
ulimi mbaya ni ule unaomvunja mtu kisha unalamba midomo.
Ulimi unaoomba msaada
ni mkono tu, uliokosa pa kushika.
Huo hauna dhambi. Hata Sabato. Hata usiku wa manane.

Karatasi ya mwisho haina neno.
Imekunjwa mara nane, pembe zimelainika kama kitambaa,
imelala mfukoni siku nyingi kabla ya kuthubutu.
Naisoma yote, kimya, kwa muda inaostahili.
Hili nitalijibu bombani, nasema,
kwa atakayechelewa kunawa.

Kengele. Viti. Kumi na wanane wanakimbilia lango.

Kwenye bomba, kikombe chenye masikio mawili
kinamiminwa kulia, kushoto, kulia, kushoto,
maji yamekwisha na bado kinamiminwa.
Simwiti.
Nachukua taulo,
nasimama karibu,
nalikunjua.